Mbwa Aliyembwekea Afande Wendell

Lamar Pettibone aliingia Sorrel Fork, Tennessee, asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1984, akiwa na Buick ya buluu, tai mbili, na makasha arobaini ya plastiki kwenye buti la gari. Tai moja ilikuwa ya kuuzia, ya pili ya kukimbilia. Hakuwa mwizi, na ungemwita mwizi angeumia moyo. Yeye alijiita mshauri wa madereva.

Barabara kuu inateremka kwetu kutoka mlimani kwa maili hamsini na tano kwa saa, halafu, bila hodi, kibao kinasema thelathini na tano. Kibao hicho kimetununulia gari la zimamoto na taa za uwanja wa mpira, na tunakiheshimu kuliko bendera. Hatua chache baada yake kuna bango kubwa la matunda ya pichi, na nyuma ya bango Lamar aliona pua ya gari la polisi. Ndani yake kulikuwa na kofia pana na miwani myeusi. Akaondoa mguu haraka.

Kisha akatazama juu, pembeni mwa kioo, kwenye kitambuzi chake cha rada. Madereva wa malori, ambao redioni wana lugha yao, humwita polisi dubu, na kidude kinachonusa rada ya polisi hukiita mbwa wa kuwinda. Kwetu tunasema mbwa tu. Mbwa wa Lamar alikuwa mbwa wa haki, aliyenunuliwa dola mia tatu kwa fedha halali, jambo ambalo Lamar hakupenda litajwe. Alikuwa amemwokoa katika majimbo kumi na moja. Na mbele ya bango la pichi mbwa huyo alikaa kimya kabisa.

"Afande amelala," Lamar alijisemea. "Rada kaizima."

Nusu maili mbele, kwenye daraja, mbwa akabweka mpaka sauti ikamkauka. Lamar akapita taratibu na kumwona polisi wa pili, mnene, amekaa ndani ya gari na kiazi cha kukaanga mkononi. Polisi wawili kwa mji wenye taa moja ya barabarani! Lamar alijisikia vizuri kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye wosia. Penye mbu wengi ndipo panapouzwa chandarua, na yeye alikuwa na vyandarua arobaini kwenye buti.

Ndani ya kila kasha kulikuwa na taa nyekundu, kengele ya saa ya mezani, na betri. Basi. Lile la kuonyeshea wateja lilikuwa na nyongeza moja: liliweza kulizwa kwa kidude cha kufungulia mlango wa gereji, ambacho Lamar alikiweka mfuko wa kushoto, karibu na moyo.

Akaenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa Lurleen Sisk, akaagiza mayai na uji mzito wa mahindi, akanyamaza. Mjanja wa kweli hafungui mdomo kabla ya wajinga kumaliza kulalamika. Hakungoja sana.

"Bwana amenipa makanisa mawili," alikuwa akisema Mchungaji Teague, akimpungia Lurleen karatasi ya faini. "La kwanza linatoka saa tano. La pili linaanza saa tano na robo. Kati yake kuna maili kumi na nne. Hebu nifanyie hesabu."

"Fupisha mahubiri, mchungaji," alisema Lurleen.

"Mahubiri nimefupisha. Tatizo ni dua ya Mzee Harbin. Yule akishika mbingu haachii."

"Pole, mchungaji," Lamar akaingilia kwa sauti ya asali. "Ni shida ya kutokuwa na mbwa."

Mkahawa mzima ukageuka. Lamar akaweka kasha juu ya meza, akaanza. Na niseme haki yake: alichosema kilikuwa kweli tupu. Alisema ukichagua mbwa, uulize kwanza anasikia kutoka mbali kiasi gani, maana mbwa anayebweka ukiwa umeshafika kwa dubu ni wa kukuliza tu. Uulize anazijua rada zote au zile za zamani peke yake. Uulize pia kama anabweka hovyo, maana wapo wa bei rahisi wanaobwekea hata mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe, na mtu akishazoea uongo wa mbwa wake, siku ya ukweli hatamsikiliza. Kuhusu kumtumia, alisema usimlaze chini ambako waipa zitamziba. Mweke juu kwenye kioo aone njia. Na akibweka, usikanyage breki kama mtu aliyeona nyoka, kwa sababu polisi wanatazama taa za nyuma. Ondoa mguu tu, gari lijipoze lenyewe.

Uongo mzuri hupikwa kwa viungo halisi. Kilichokosekana ni nyama, na nyama ilitakiwa iwe ndani ya kasha.

"Bei?" aliuliza mtu kutoka meza ya kona.

"Dola sitini, mama. Kwa wengine mia. Kwako sitini."

Aliyeuliza alikuwa Bi Verlene Cobb, miaka sitini na tisa, mjane, mfupi kiasi kwamba akiendesha gari watu hudhani linajiendesha. Marehemu mume wake alikuwa akisafirisha pombe ya magendo milimani, na alimwachia vitu viwili: Ford Galaxie ya mwaka 1966 yenye injini isiyokubaliana na umbo lake, na mguu wa kulia mzito. Mwaka ule alikuwa ameshapigwa faini tatu. Hakimu Gaines alimwambia mbele ya watu: ya nne, leseni ninaichukua.

Msicheke. Dada yake, Opal, alikuwa kwenye nyumba ya wazee kule Cutler, maili arobaini kutoka kwetu. Opal alikuwa ameshasahau majina, miaka, na matumizi ya kijiko. Alikuwa hali chakula cha mchana mpaka Verlene akae mbele yake na kumlisha, na chakula pale hutolewa saa sita kamili na sinia huondolewa saa sita na nusu, awe amekula au hajala. Asubuhi zote isipokuwa Jumanne Verlene alifanya kazi ya kupasi kwenye duka la dobi mpaka saa tano na nusu. Bila leseni angebaki kumtegemea mkwe wake Darryl, mtu mwema, anayesimamisha gari kumpisha kipepeo.

"Nataka kumwona akifanya kazi," alisema Bi Verlene. "Kwenye gari langu. Naendesha mimi."

"Hata mimi ningesema hivyo hivyo, mama," alisema Lamar, na kwa mara ya pili asubuhi ile alikuwa mkweli.

Wakaondoka wanne: Verlene kwenye usukani, Lamar pembeni yake, Mchungaji Teague na Lurleen nyuma kama mashahidi. Lamar alikuwa na dubu wawili wa kuchagua. Yule wa darajani alikuwa macho, na pengine angetaka kujua kinachoendelea. Yule wa kwenye bango alikuwa amelala. Akachagua aliyelala. Wakalipita daraja kwa adabu, kasha likiwa limezimwa mapajani mwa Lamar. Akalibandika kwenye kioo, akaliwasha, na walipofika kama hatua mia tatu kabla ya bango la pichi, mkono wa Lamar ukakuna mfuko wa kushoto.

Kasha likalia. Taa nyekundu ikawaka.

"Ondoa mguu, mama," alisema Lamar kwa upole wa daktari. "Mbele kuna mtu."

Bi Verlene akaondoa mguu. Galaxie ikapita mbele ya bango kama jeneza. Nyuma ya bango, palepale, palikuwa na kofia pana na miwani myeusi.

"Mmemwona?" aliuliza Lamar.

"Tumemwona," alisema Bi Verlene.

"Amina," alisema mchungaji.

Lurleen akashikwa na kikohozi kilichomlazimu kuinama.

Hapa inabidi nitoe siri ya mji, na wenzangu wanisamehe. Afande Wendell ni sanamu. Zamani alisimama kwenye dirisha la duka la nguo la akina Abernathy akiuza suti za harusi, na duka lilipofungwa Afande Hoyt, ambaye ndiye polisi wetu pekee, akamchukua, akamvika sare kuukuu, akamkalisha kwenye gari lisilo na injini. Amekaa pale miaka minne. Hana rada. Hana mkono wa kushoto pia. Sisi tunampungia tukipita, na Krismasi kuna mtu humvisha skafu, lakini wageni hatuwaambii, kwa sababu Wendell anawapunguza mwendo wanapofika kwake, wakishampita wanafurahi na kukanyaga mafuta, na Hoyt anawangoja darajani.

Hakuna rada duniani iliyowahi kutoka kwa Wendell. Mbwa wa kwenye kasha alikuwa amembwekea mwanaserere.

Nami najua, maana alinieleza mwenyewe, kwamba pale moyo wake ulishuka. Alikuwa ameamini. Tangu mkahawani alikuwa ameshaona mkono wa dada yake juu ya meza, na saa ya ukutani ikisema saa sita na dakika tano. Alikasirika jinsi mtu anavyokasirika akigundua kwamba aliyemwahidi dawa amemletea maji. Lakini alilelewa milimani, na milimani mtu haonyeshi karata zake kwa sababu tu amekasirika.

"Anaitwa nani huyo?" aliuliza Lamar.

"Wendell," alisema Bi Verlene.

"Mkali?"

Akafikiri kidogo. "Sijawahi kumsikia akipaza sauti."

"Hali rushwa?"

"Hali kitu," alisema Lurleen kutoka nyuma. "Mkahawani kwangu hajaagiza hata kahawa."

"Hao ndio wabaya," alisema Lamar, akitikisa kichwa kama mzoefu. "Wale wakimya."

"Mkimya sana," alisema Mchungaji Teague. "Nimemkaribisha kanisani miaka minne. Hakatai, haji."

"Ana mke?"

"Aliwahi kusimama na mmoja kwa muda mrefu," alisema Bi Verlene. "Mwanamke mzuri, amevaa shela. Wakatenganishwa na mnada."

Lamar akasema pole. Hakuuliza mnada wa nini. Mtu akishahesabu fedha ambazo hajapewa, masikio yake hayana kazi nyingine.

Wakarudi. Bi Verlene akageuza gari mbele ya mkahawa, akazima injini.

"Nitachukua," alisema. "Na mimi nikichukua, Sorrel Fork yote itachukua. Lurleen, ita watu."

Lurleen akaingia ndani kuita watu, na wakati akiwaita aliwaambia maneno mengine mawili matatu. Wakatoka kama kumi na tano na nyuso za msibani. Wengine pochi zilikuwa mkononi tayari. Lamar akafungua buti, akasimama kando ya makasha yake kama baba wa bwana harusi.

Bi Verlene hakwenda kwenye buti. Alizunguka Buick polepole, mikono nyuma, mpaka kwenye kioo cha mbele, akasimama. Mle ndani, juu pembeni, alikuwepo mbwa wa Lamar, na waya wake ulikuwa umechakaa kwa kutumika.

Bi Verlene alifikiri hivi: mtu anayetembea na uongo kwenye buti hawezi kuthubutu kusimamishwa na polisi. Kwa hiyo mbwa wa kwake mwenyewe lazima awe anabweka kweli.

"Na huyu ni wa aina gani?" aliuliza.

"Aina ileile, mama. Baba mmoja, mama mmoja."

"Mbona huyu mnene?"

"Ni wa zamani huyo. Hawa wapya wamepunguzwa mwili, wakaongezwa masikio."

"Kwa hiyo mpya ni bora."

"Mara mbili!" alisema Lamar, akiwageukia watu ili wote wasikie. "Ningekuwa na uwezo wa kujipendelea, mimi mwenyewe ningetumia mpya."

"Basi leo Mungu amekukumbuka," alisema Bi Verlene. "Wewe chukua mpya, mimi nipe huyu mzee. Vitu vipya vinanichanganya. Na sitaki kukupunja, mwanangu, bei ni ileile. Dola sitini hizi hapa."

Lamar akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Mama, mimi siwezi kumwuzia mtu mzima kitu kilichotumika. Kwetu ni aibu."

"Mimi mwenyewe nimetumika," alisema Bi Verlene.

"Lakini..."

"Kuna kasoro gani, ndugu?" aliuliza Mchungaji Teague kwa upole, na pochi yake, iliyokuwa wazi, ikaanza kujifunga. Nyingine zikaiga.

Lamar akawatazama watu. Akatazama makasha. Upande mmoja kulikuwa na rafiki wa majimbo kumi na moja. Upande wa pili kulikuwa na biashara iliyoshaiva, ya kuchuma tu. Mwingine aweza kununuliwa, alijiambia. Akaingia garini, akamchomoa mbwa wake kwa uchungu wa mtu anayejing'oa jino, akamkabidhi. Bi Verlene akampa dola sitini na lile kasha la kuonyeshea, akamsaidia hata kulibandika juu ya kioo.

"Hongera," alimwambia. "Umepata bora."

Kisha akaenda kwenye Galaxie, akamwunganisha mbwa kwenye tundu la kuwashia sigara, akatoka kuelekea darajani kumjaribu, akiacha vumbi na heshima nyuma yake.

"Haya!" Lamar akapiga makofi. "Nani anafuata?"

Hakufuata mtu. Mmoja akakumbuka kwamba mke wake ndiye mwenye kauli. Mwingine akasema angependa kwanza kulala na wazo hilo. Mchungaji akasema ataliweka katika maombi, tena amwachie Mzee Harbin aliombee. Lurleen akasema samahani sana, amekumbuka hana gari.

"Mlisema mnanunua!" Lamar akapaza sauti. "Mmeona wenyewe kinavyofanya kazi! Hamkumwona Afande Wendell?"

Lurleen akamwekea mkono begani. "Kaka yangu," alisema, "Wendell ni sanamu. Tena zamani naye alikuwa muuzaji, ila hakumdanganya mteja hata mmoja."

Watu wengine wakielewa jambo husema "ahaa." Lamar aligeuka mweupe. Alikumbuka bango la pichi asubuhi, na mbwa wake aliyekaa kimya, aliyemwambia ukweli wote akaona amekosea. Halafu akamkumbuka mbwa mwenyewe, alipo sasa. Akalipiga buti kofi, halikufungika vizuri, hakujali. Akaruka ndani ya Buick na kuifuata Galaxie.

Sasa, Bi Verlene alikuwa hatua kama mia tano mbele, na mguu wake ulikuwa umeshalala pale unapopenda kulala, mbwa alipoanza kubweka. Hakukanyaga breki. Aliondoa mguu tu. Galaxie ikajipoza yenyewe, na ilipofika darajani ilikuwa maili thelathini na tano, si zaidi, na taa zake za nyuma hazikupepesa hata mara moja.

Nyuma yake Buick ya buluu ilikuja kwa sabini na mbili. Juu ya kioo chake kasha la plastiki lilikaa kimya, bora mara mbili.

Afande Hoyt alifuta mikono kwa kitambaa kabla ya kushuka. Hana haraka, na ndiyo maana anatuudhi. Alichukua leseni ya Lamar, akaisoma pande zote mbili, kisha akatazama juu ya kioo.

"Hiki nini, bwana?"

"Kitambuzi cha rada, afande. Si kosa katika jimbo hili."

"Si kosa kabisa." Akatembea mpaka nyuma, ambako buti lilikuwa limejifungua lenyewe. "Na hivi?"

"Vilevile. Ni mfanyabiashara mimi."

Hoyt akarudi dirishani. Akainamisha kichwa, akawa anafikiri, na kwake fikra ni kitu kinachoonekana kikija kutoka mbali.

"Nisaidie jambo," alisema. "Vinafanya kazi, au havifanyi? Kama vinafanya kazi, basi hiki kimekuonya kwamba niko hapa, ukaamua kuja hivyo hivyo kwa sabini na mbili. Hiyo ni faini mara mbili, na maneno ya Hakimu Gaines. Kama havifanyi kazi, basi una thelathini na tisa kwenye buti, na hiyo si habari ya mwendo tena. Hiyo ni jela. Niandike nini?"

Lamar akapiga hesabu ya faini na ya jela.

"Vinafanya kazi, afande," alisema. "Mimi ndiye sikumsikiliza mbwa."

"Hutokea," alisema Hoyt, akaandika.

Alikuwa bado anaandika Galaxie ilipogeuza kule juu na kurudi kuelekea mjini, barabara ya Cutler. Ilipita kando yao taratibu mno, na dirishani ukatokea mkono mdogo ukiwapungia kwa heshima zote. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na saba, na kutoka darajani mpaka Cutler, kama mbwa ni mzima, ni barabara tupu.

Afande Hoyt aliacha kalamu. Akalitazama lile gari mpaka likapotea, na uso wake ukajaa wasiwasi wa kweli.

"Miaka ishirini namjua Verlene Cobb," alisema. "Sijawahi kumwona akienda hivyo. Yule mama anaumwa."

Lamar Pettibone alifungua mdomo. Pale darajani yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na miaka miwili ya jela ndani yake. Akaufunga mdomo, akapokea karatasi, akatia saini palipooneshwa.

"Mpelekeeni supu," alisema.